Ngozi ya Mama Anjelina

Siku ya kuniaga walinipa kitenge, saa ya ukutani na keki yenye jina langu lililokosewa. Nashukuru. Nikarudi nyumbani kwangu Mpanda na hasira zangu zote, maana hakuna aliyekumbuka kuniambia nizikabidhi pamoja na funguo za ofisi. Hata walionisifia kwenye hotuba walitaja ukali wangu, huku wakicheka kwa tahadhari. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara yetu mnaijua wenyewe.

Ninawaandikia nyie vijana mnaosomea tiba ya familia, mliokuja kufanya kazi nami miezi ya mwisho. Siku ile ya keki mlikaa pembeni mkabishana juu ya tiba mpya za seli na tishu. Mmoja akasema zitamaliza kisukari, tusubiri tu. Mwingine akasema hayo ni ya wenye pesa, sisi tukomae na malaria na presha. Wa tatu akauliza zitafika lini Katavi. Keki ilinikwama kooni. Khaa! Yale yale niliyoyasikia kwa wanafunzi wangu wa miaka ya tisini, kama vile mmekaririshwa na mwalimu mmoja. Basi kaeni niwaeleze, na asinikatize mtu.

Nilifika Mpanda kwa treni kutoka Tabora. Mkoa wa Katavi haukuwepo. Tulikuwa wilaya ndani ya mkoa wa Rukwa, na ukihitaji chochote uliambiwa usubiri kitoke Sumbawanga. Nilipangiwa hospitali ya misheni nje ya mji, na jina lake nitabaki nalo. Niliteremka na koti jeupe nililolipiga pasi kwa shangazi yangu Tabora. Lilipofika wodini lilikuwa na rangi ya barabara. Aliyenipokea ni Mzee Kasonso, daktari msaidizi wa upasuaji, Mkonongo mfupi asiyecheka ovyo. Alilitazama koti, akanitazama mimi, akasema, "Karibu mwanangu. Hilo utafua jioni. Sasa njoo uone mguu."

Mguu wenyewe ulikuwa wa mvuvi wa Kapalamsenga aliyekamatwa na mamba. Mamba alishindwa kuondoka na mguu, akaondoka na ngozi. Mzee Kasonso alikuwa anaupandikiza kwa ngozi ya paja la mvuvi huyohuyo. Hatukuwa na kile kisu maalumu cha kuchunia ngozi. Tulikuwa na wembe uliochemshwa, tukaubana kwenye koleo, na ubao laini uliochongwa na fundi seremala wa misheni kwa ajili ya kunyoosha paja. Shashi tuliipaka Vaseline sisi wenyewe, tukaipika ndani ya mkebe. Ngozi iliyobaki tuliifunga kwenye shashi yenye maji ya chumvi, tukaiweka kwenye jokofu la mafuta ya taa, rafu ya chini, mbali na chanjo. Muuguzi mmoja mgeni alilifungua akitafuta chanjo ya surua, akafunga mlango, akajifanyia ishara ya msalaba. Hakuligusa tena jokofu lile mpaka alipohamishwa.

Mzee Kasonso alinifundisha kushika wembe kwa kunipa mguu wa nguruwe kutoka jikoni kwa masista. Niliharibu miguu mingi, na masista walikula supu yenye viraka kwa uvumilivu wa Kikristo. Lakini alichokirudia kuliko mkono wangu ni hiki. "Kidonda cha kwanza kimeletwa na mamba, au moto, au nyoka," alisema. "Hicho cha pili, cha pajani, umekileta wewe. Kwa hiyo kila asubuhi anza na cha pili." Na kabla ya kukata chochote alikaa kitandani kwa mgonjwa, akamwonyesha kwa kidole: nitachukua hapa, nitaweka pale, hapa patauma kuliko pale. Wengine walikataa. Aliwaacha, akarudi kesho yake kuwauliza habari za shamba.

Alipostaafu akaenda kijiji cha Mamba kulima mpunga. Mimi nikaachiwa wembe, ubao, jokofu na wanafunzi.

Wanafunzi walitoka chuoni kufanya mafunzo ya vitendo, wanne wanne. Nisiwe mwongo, walisoma kweli. Lakini kuhusu tishu walikuwa na dini mbili. Dini ya kwanza ilisema haya ni mambo ya Ulaya, kazi yetu ni kuandika rufaa. Rufaa yenyewe ilikuwa Mwanza, kwa treni ya kuunganisha, na kidonda kinachonuka hivyo abiria wanahama behewa. Dini ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu wao aliwaonyesha picha za nchi za nje, ambako ngozi huhifadhiwa kama damu, na ambako wameanza kuotesha seli za ngozi kwenye visahani kama mtu anavyootesha miche. Hao wa dini ya pili walirudi na macho yanang'aa. Walitaka muujiza, na walitaka wauone kabla mafunzo hayajaisha.

Mwaka ninaousema, muumini mkubwa wa dini ya kwanza aliitwa Skolastika, binti wa Kifipa, mpole. "Dokta, sisi haya hayatuhusu," aliniambia mbele ya mgonjwa. Wa dini ya pili aliitwa Erasto. Kijana msafi, mchangamfu, mwenye mikono mizuri kweli. Mikono yake niliionea wivu. Kichwa chake nilitamani kukigonga.

Ndipo akaletwa Anjelina.

Alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, kutoka makazi ya watu wenye asili ya Burundi, wakulima wa tumbaku. Aliingia kwenye bani, kile kibanda cha udongo cha kukaushia tumbaku, ambamo bomba la moto hupita chini. Akateleza, mguu ukalala juu ya bomba. Walimtibu nyumbani kwa majivu na majani mpaka msimu ulipopungua. Alipofika kwetu, nyuma ya goti mpaka karibu na kifundo hakukuwa na ngozi, na goti lilikuwa limeanza kujikunja. Tusipofunika kidonda kile, angetembea kwa kuruka maisha yake yote.

Mama yake, Spesioza, sote tulimwita Mama Anjelina. Alimbeba mtoto mgongoni, na mguu ule mbovu aliushikilia kwa mkono mmoja njia nzima ili usigonge. Baba, Nikodemu, alikuja na mama yake mzazi, bibi mwenye sauti, ambaye hakukaa mpaka ameuliza nani mkubwa hapa. Mtoto alikuwa hana damu. Tukaomba ndugu wajitolee, na hapo nikaona utaratibu wa nyumba ile. Bibi aliwapanga wanaume wa upande wa baba, mmoja mmoja. Mama Anjelina alipoinua mkono, bibi alimwambia, "Wewe kaa. Damu ya mtoto inatoka kwao." Sikubishana. Damu ilikuwa ya kundi lake, ikaingia, mtoto akapata rangi.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Mayai, maharage, dagaa. Kidonda kisafishwe kila siku, goti linyooshwe kwa gango. Akinenepa kidogo tuchukue ngozi ya paja lake mwenyewe. Niliwaeleza wanafunzi wote wanne, wakaandika. Mara kipindupindu kikazuka huko ziwani, gari la wilaya likaja kunichukua, na mganga mkuu wetu alikuwa likizo. "Msimguse kwa wembe mpaka nirudi," nilisema. Erasto ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. "Sawa kabisa, Dokta!"

Niliporudi nilikuta wodi ya watoto inaimba. Jamani, wanaimba! Mama Anjelina alikuja kunipokea mlangoni, anachechemea, uso wote ni meno. "Dokta, nimemzaa mara ya pili," aliniambia. Akainua kitenge kidogo kunionyesha bandeji ya pajani.

Nilikwenda kitandani, nikafungua. Ngozi ya mtu mzima, vipande vizuri vilivyopangwa vizuri, imekaa kwenye mguu wa mtoto, ya waridi, imeshika. Erasto alisimama kando yangu anangoja sifa.

Nilimpeleka chumba cha vidonda na wenzake wote, nikafunga mlango. "Nani kakuruhusu?"

"Dokta, mtoto alikuwa amekonda, nikaona kumwongezea kidonda kingine ni ukatili. Mama ana afya. Na damu ya ndugu si tuliiweka ikakubali?"

"Damu tuliipima. Ngozi uliipima kwa nini? Kwa mapenzi ya mama?"

"Lakini imeshika, Dokta."

"Subiri."

Niliwaeleza, na ninawaeleza na nyie, ingawa mnajua kwenye karatasi. Ngozi ya mtu mwingine hushika kwa muda. Hufunika kidonda, hupunguza maumivu, halafu mwili huitambua kuwa ni mgeni na kuitupa nje. Kwenye zile picha zake za Ulaya huitumia hivyohivyo, kama blanketi ya kuazima, na wanajua wataivua. Hakuna mwiko. Mwenye kidonda kikubwa inaweza kumwokoa. "Basi si kosa kubwa," alisema Erasto, akapumua. Hapo nikapandwa na hasira. "Ulimwambia nini mama?"

Skolastika ndiye aliyejibu. "Alimwambia ngozi yake itakuwa ya mtoto mpaka mtoto azeeke."

"Nenda kamwambie ukweli sasa hivi," nilisema. "Kabla haijadondoka. Mweleze yeye, mweleze baba, mweleze na yule bibi. Wakijua mapema ni dawa. Wakija kuona wenyewe ni balaa."

Alikwenda. Aliporudi nikamuuliza, akasema amewaeleza. Baadaye nilikuja kujua alichosema: kwamba ngozi "inaweza kupungua kidogo." Kupungua! Kama maji ya kisima! Aliona haya kuwavunja moyo, akajichumia siku chache zaidi za kuimbiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa maradhi yalifichwa na mmoja na kuumbuliwa akaumbuliwa mwingine.

Ilidondoka wakati wa kutazama wagonjwa, ukoo mzima upo, na kikapu cha ugali. Harufu ilianza kwanza. Skolastika alipofungua bandeji, vipande vilibaki kwenye shashi, vyeusi, vinateleza. Bibi alisogea, akaangalia, akaangalia tena, akasema kwa ile sauti yake, "Mtoto amemkataa."

Nilianza kueleza. Niliuliza kama waliambiwa. Nikodemu akasema waliambiwa inapungua. Bibi hakuwa ananisikiliza mimi. Alikuwa anamtazama mkwewe. "Nilisema tangu damu. Damu ya kwetu iliingia ikakaa. Ya kwako imeoza. Mtoto anajua kilichomo kwenu. Usimguse tena." Mama Anjelina alikuwa ameshikilia kikombe, na hakukiweka chini.

"Mama, huo ni uongo," nilimwambia bibi. "Ngozi ya mtu yeyote ingedondoka. Hata yako."

Nikodemu alisimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siwezi kusema alikuwa mbaya. Akapandisha kaptura mpaka juu ya paja. "Basi chukua yangu," alisema.

Erasto akaruka. Alinivuta pembeni, ananong'ona mbiombio. "Dokta, tuchukue kipande kidogo tu! Ikidondoka na ya baba wataona si kosa la mama. Itamsafisha!"

"Na ikidondoka watasema nini, Erasto? Tumia hicho kichwa."

Akageuka kumtazama Nikodemu na kaptura yake.

"Watasema mtoto si wake," nilimwambia. "Leo mama ni mchawi. Wiki ijayo utamfanya na malaya."

Niligeuka nikamwambia Nikodemu kwamba siwezi kuchukua ngozi yake, kwamba haitamsaidia mtoto, kwamba inayofaa ni ya mtoto mwenyewe. Alishusha kaptura taratibu. "Kumbe unaogopa," alisema. "Unaogopa yangu itashika." Bibi akaitikia kwa koo. Nikikubali nimemwangamiza yule mama, nikikataa nimemwangamiza. Nimefanya upasuaji kwa mwanga wa tochi, nimezalisha kwenye trela la trekta, lakini sijawahi kubanwa kama siku ile, na aliyenibana alikuwa mwanafunzi wangu mwenyewe na kipaji chake.

Usiku ule Mama Anjelina alihamia kwenye jiko la wauguzaji, kile kibanda wanakopikia ndugu za wagonjwa. Asubuhi nilikwenda kumrudisha. Nilimkuta anachochea uji, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Nikamwomba nione paja. Wallahi, na mimi ni Mkatoliki, nasema wallahi. Ile bandeji haikuwa imefunguliwa tangu siku ya upasuaji. Imekauka, imegandamana na nyama, usaha umepita pembeni. Hakuwa na kitanda, hakuwa na faili, hakuwa mgonjwa wa mtu. Wote walikuwa wanaangalia mguu wa mtoto kama ngozi imeshika. Nilimwita Erasto, nikampa beseni la maji ya chumvi, nikamwambia apige magoti aloweshe mpaka itoke yenyewe. Ilichukua muda mrefu. Mama Anjelina alikuwa anamwambia, "Pole, baba. Pole, si kitu." Yeye ndiye anampa pole!

Nilimwambia arudi wodini, wodi ni yangu, bibi nitamtoa mimi. Akakataa. Alikuwa amefikiri kuliko sisi wote. "Dokta, acha," alisema. "Mguu kwanza. Mtapandikiza tena, si ndiyo? Nikiwa karibu na hiyo nayo ikidondoka, mimi nimekwisha. Nikikaa mbali na ikashika, nitarudi." Kwa hiyo alikaa jikoni. Kila siku alipika uji wa mtoto, na Skolastika aliupeleka bila kusema umetoka kwa nani, maana bibi alikuwa ameketi pale kando ya kitanda kama mlinzi wa ghala. Na Skolastika yuleyule wa rufaa ndiye aliyekuwa anakwenda jikoni kila asubuhi na bandeji, anaanza na paja la mama kabla hajaingia wodini.

Tulipomwingiza Anjelina chumba cha upasuaji nilishika wembe mwenyewe. Ngozi kidogo ya paja lake, vipande vidogovidogo, nikavipanda kwenye kidonda kwa nafasi, kila kimoja mahali pake. Kabla ya hapo nilikaa kitandani nikamwonyesha kwa kidole wapi patauma. Alilia, akakubali, akadai soda. Ngozi ilishika. Nawaambia mapema msije mkanisikiliza kwa wasiwasi wa bure: mguu ulipona, goti likanyooka, na chuoni kisa kile kilisomwa na Erasto mbele ya wenzake kama mafanikio, nao wakampigia makofi. Kila neno alilosoma kuhusu mguu lilikuwa kweli.

Siku nilipofungua bandeji na kuona hakuna kilichodondoka, nilikimbia mwenyewe jikoni. Mimi, kwa umbo hili. "Mama Anjelina, imeshika! Njoo!" Aliacha chungu motoni. Alinawa mikono mara mbili, akajifunga kitenge upya, akamimina uji kwenye kikombe maana hakutaka kwenda mikono mitupu. Nilimtangulia, nikamwambia bibi atoke nje apunge upepo, na nilimwambia kwa namna ambayo alitoka. Nikodemu alikuwepo. Alisogea kumpisha mkewe, na mimi moyoni nikasema, basi yamekwisha.

Mama Anjelina alimkaribia mwanaye, amenyoosha mkono. Anjelina alimwona. Alifurahi, uso ulifunguka kabisa. Halafu akaukumbuka mguu. Akauvuta haraka chini ya shuka, akaufunika kwa mikono yake yote miwili.

"Usiniguse, mama," alisema. "Itadondoka."

Mkono wa Spesioza ulibaki hewani. Kisha akainama, akaweka kikombe sakafuni ambako mtoto angekifikia, akarudi nyuma mpaka mlangoni. "Sawa, mama yangu," alimjibu. "Sikugusi. Kunywa uji."

Nilimgeukia Erasto aliyekuwa kando yangu na faili mkononi. "Haya," nilimwambia, "mweleze mtoto."